Picha Ishirini na Nane

Mwalimu Zabron alikuwa ameufunga mkanda ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kitenge. Alifungua vyote mezani kwangu, akakunja kimoja kimoja, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2010, Tunduma, katika chumba changu cha kazi mtaa wa Sogea. Wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Ubao wa nje ulisema: LUSUNGU VIDEO, TUNAHAMISHA MIKANDA KWENDA DVD. Kazi hiyo ilidumu miaka kama minane, kisha ikaisha kabisa. Watu walionunua deki miaka ya tisini walikuwa wamegundua karibu kwa pamoja kwamba deki zimekufa na mikanda imebaki. Wakaleta harusi, ubarikio, mazishi, mahafali ya darasa la saba. Wazambia walisimama mlangoni, wakasalimia kwa lugha yao, "Mulishani," wakaniwekea mezani mifuko ya mikanda kama watu wanaoleta mahindi mashineni. Leo nikifungua kabati na kukutana na harufu ya spiriti niliyokuwa nikisafishia vichwa vya deki, nakumbuka sura zao wakisubiri nibonyeze kitufe cha kucheza. Wengi walikuwa hawajauona mkanda wao kwa miaka kumi.

"Mkanda huu una kosa," alisema Mwalimu Zabron. "Nimesikia kompyuta zenu zinaondoa makosa."

"Inategemea ni kosa gani, Mwalimu. Mkanda umeliwa na deki? Umepata ukungu?"

"Mkanda ni mzima. Kosa ni la mke wangu."

Nilimtazama. Alikuwa mzee mrefu wa Iyula, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama. Hakuwa anatania.

Alinieleza kwa mpangilio, kama anayefundisha. Septemba 1992 kwaya yao ilishiriki mashindano ya jimbo. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya. Mke wake, Anastazia, aliimba solo katika wimbo wa pili. Kwaya tisa zilishindana na wao wakawa wa pili; kinanda cha umeme kilichokuwa zawadi kikaenda kwa wengine. Wiki tatu baadaye mpiga picha aliwaletea mkanda, akaja na deki na TV, na wanakwaya wote thelathini na wawili wakakaa katika ukumbi wa kanisa kuutazama.

"Katikati ya wimbo wa pili tunanyamaza," alisema. "Kimya kabisa. Halafu nashusha mkono, yeye anaingia peke yake." Aliinua mkono wa kulia juu ya meza yangu, akaushikilia hewani, akaushusha. "Katika mkanda, mkono unashuka, halafu hakuna kitu. Halafu ndipo anaingia. Kama mtu aliyekuwa anawaza mambo mengine."

"Na siku yenyewe ulisikia hivyo?"

"Siku yenyewe sikusikia kuchelewa. Lakini jenereta ilikuwa inanguruma karibu na mlango, na mimi nilikuwa na hofu. Mkanda ulipokuja niliuamini kuliko masikio yangu."

Ukumbini aliurudisha nyuma mara tatu mbele ya kwaya nzima. Anastazia alisema neno moja tu: aliingia mkono uliposhuka. Mwalimu akamjibu, watu wote wakisikia, "Mkanda hauna sababu ya kusema uongo."

Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo.

Anastazia hakuacha kwaya. Jumapili iliyofuata alihamia mstari wa nyuma akaimba sauti ya pili. Hakuimba solo tena, kanisani wala nyumbani, kwa miaka kumi na saba. Alifariki Agosti 2009 kwa ugonjwa wa moyo. Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi ya tarehe kumi na nne Agosti familia ilikuwa inasimika msalaba kaburini. Wanakwaya wa zamani wangekuja. Mwalimu alitaka waonyeshwe Anastazia akiimba, kwa sababu hakuna sauti yake nyingine iliyobaki popote.

"Lakini si kwa kosa lile," alisema. "Watu watakaa pale wakilisubiri. Nimeshawaambia nakuja Tunduma kuliondoa. Enesi, mwenzake wa kwaya, amesema ni jambo jema."

"Nikikata sekunde moja ya kimya, Mwalimu, na picha itaruka."

"Iruke. Watu wa kwetu wanaruka madimbwi kila masika."

Ubavuni mwa mkanda palikuwa na karatasi yenye jina la kwaya na mwaka. Chini yake, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika "Solo" na kuweka alama ya mkasi, ile ambayo mwalimu huweka pembeni ya jibu lisilo sahihi. Sikuhitaji kuuliza ni mwandiko wa nani.

*

Nilisoma elektroniki Mbeya kwa miaka mitatu, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni kwamba fundi hupima kwanza. Kwa hiyo sikukata chochote. Niliingiza mkanda katika deki, nikaunganisha deki na kompyuta, nikanasa wimbo wa kwanza na wa pili kama faili moja la dakika nane na sekunde kumi.

Kamera ilikuwa imesimama mlangoni, nyuma ya watu wote. Kanisa lilikuwa limepambwa kwa karatasi za rangi zilizokatwa kwa mkasi. Kwaya ilisimama mbele katika mashati ya buluu yenye kola pana, kila uso mdogo kama punje ya maharage. Aliyeonekana vizuri alikuwa Mwalimu Zabron, mwembamba, nywele nyeusi, amewapa watu mgongo, mikono myeupe ya shati ikipanda na kushuka. Kwenye viti vya nyuma watu waligeuka kuitazama kamera kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Mama mmoja alimfunga mtoto kofia ili apendeze, mtoto akaivua. Karibu wote walikuwa wamevaa viatu vipya, vya fedha za msimu mzuri wa kahawa.

Dakika ya tano na sekunde hamsini, kimya. Mkono mweupe ukashuka. Nikasubiri. Kisha sauti ya mwanamke ikaingia, nyembamba na safi, bila kutetemeka. Mwalimu alikuwa amesema kweli: ilichelewa, na katika kimya kile hata asiyejua muziki angeona.

Katika faili, video ya kwetu ina picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Nilisogea picha moja moja. Kutoka mkono kufika chini hadi sauti kuanza zilipita picha ishirini na nane. Zaidi ya sekunde moja.

Kisha nikaenda mwanzo wa wimbo wa kwanza. Kabla ya kuanza, Mwalimu aligonga meza ndogo kwa kijiti mara tatu. Kijiti kiligusa meza, na mlio ukasikika picha tano baadaye. Nikaenda mwisho. Mshereheshaji alisimama mbele, akanyanyua mikono juu ya kichwa, akaita makofi matatu, kama ilivyo desturi hadi leo: moja, mbili, tatu. Mikono ya watu ilikutana, na makofi yakasikika picha thelathini na sita baadaye.

Anastazia hakuwa amechelewa peke yake. Kila kitu kilichelewa, na kilizidi kuchelewa kadiri mkanda ulivyokwenda.

Mtu wa kwanza kushukiwa ni mimi. Kompyuta inapozidiwa huangusha picha, na sauti na picha huachana. Nikaangalia ripoti ya kunasa: hakuna picha iliyoanguka. Kasi ya kunakili sauti ikiwekwa vibaya nayo huleta kuachana, lakini huko nyimbo za dakika nane zingepotea kwa nusu dakika na zaidi, si kwa sekunde moja na kitu. Nikanasa upya, mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa kuzima na kuwasha vyote. Tano mwanzoni, ishirini na nane katikati, thelathini na sita mwishoni. Mashine inayokosea haikosei mahali palepale mara tatu. Kosa lilikuwa ndani ya mkanda.

Hapo nikakumbuka neno moja la Mwalimu. Nilirudisha nyuma, nikavaa spika za masikioni, nikafumba macho. Nilisikia kwaya, viatu, kikohozi cha mtu aliyekaa mbele. Jenereta sikuisikia. Mwalimu alisema ilikuwa inanguruma karibu na mlango, na mlangoni ndipo kamera iliposimama.

*

Mpiga picha wa 1992 aliitwa Osea. Miaka ile, kuanzia Mlowo hadi mpakani, ukimwona mtu na kamera begani ni yeye. Nilimkuta Mlowo katika duka lake la mbegu na mbolea, amenenepa, miwani kwenye paji la uso.

"Binti, mkanda wa tisini na mbili ndio leo unaniletea malalamiko?" alisema. "Garantii imekwisha."

"Si malalamiko, baba. Nauliza jenereta ilikwenda wapi."

Alicheka hadi miwani ikamwangukia puani. "Kumbe kuna fundi! Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Sikia. Jenereta ile ilinguruma kama lori linapanda mlima na shehena. Nikajua watu watasema Osea katuletea mkanda wa jenereta. Nikachukua redio kaseti yangu, nikaiweka mbele, chini ya meza ya matangazo. Ikanasa kwaya vizuri kabisa. Nyumbani nikaifuta sauti ya kamera, nikapandikiza ile ya kaseti."

"Ulizianzishaje pamoja?"

Alinyanyua vidole viwili vya shahada, kimoja kila mkono, akavishusha kwenye gunia la mbolea. "Moja, mbili, tatu, bonyeza. Huku deki, huku redio. Ukizoea hukosei."

"Ulikosea picha tano."

"Picha tano ni nini?"

"Moja ya tano ya sekunde."

"Ah! Hiyo si kukosea, hiyo ni kupepesa macho."

"Na mwisho wa wimbo ulikosea thelathini na sita. Redio yako ilikuwa inakwenda polepole kuliko deki. Kidogo sana, robo ya asilimia. Ilikuwa ya betri?"

"Ya betri, nne kubwa. Ndizo zilezile nilizorekodia, zimeshachoka." Cheko lilikuwa limepungua. "Lakini ungeonaje? Sura zile kama maharage. Midomo haionekani. Nilitazama mwanzo, nikaona sawa, nikapeleka."

Nikamweleza kilichotokea ukumbini. Siku ile alikuwa amewaachia deki na TV akaenda harusini kabla mkanda haujafika nusu, na hakuwahi kusikia. Aliivua miwani akaifuta kwa pindo la shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama yule," alisema, "siku ya mashindano ndiye peke yake aliyeuliza kama mpiga picha amekula. Akaniletea viazi na chai pale mlangoni."

"Sauti ya kamera ungekuwa nayo, ningeweza kuthibitisha."

"Niliifuta, nimekuambia. Na kamera yenyewe niliiuza." Akaonyesha urefu wake kwa mikono. "Nilinunua kwa Mzambia, Nakonde. Mashine ya maana. Ubavuni imeandikwa Hi-Fi kwa herufi za dhahabu. Maana yake sikuijua, nilipenda herufi."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuaga nikiwa nimeshatoka nje ya duka.

*

Mkanda wa VHS unaweza kubeba sauti mahali pawili. Moja huandikwa ukingoni, katika mstari mwembamba, na kila deki huisoma. Sauti hiyo unaweza kuifuta ukaandika nyingine bila kugusa picha, na ndicho alichofanya Osea. Ya pili huandikwa chini ya picha yenyewe, na ni kamera na deki za Hi-Fi tu zinazoijua. Hiyo haifutiki mpaka uifute na picha.

Deki aliyokuja nayo Osea ukumbini, kama nyingi za wakati ule, ilisoma ya ukingoni. Deki yangu ilikuwa na swichi ndogo ya kuchagua. Kwa miaka minne swichi ile ilikuwa upande mmoja, kwa sababu mikanda iliyochakaa ikisomwa kwa njia ya pili hukwaruza masikio. Ilikuwa mazoea, na mazoea ni mahali ambapo fundi huacha kupima.

Nilisogeza swichi.

Jenereta ilijaa chumbani. Ilinguruma kama Osea alivyosema, ikakohoa, ikaendelea. Juu yake, karibu kabisa na kamera, kijana mmoja alisema, "Mzee kaa chini, unaniziba." Ilikuwa sauti ya Osea akiwa na miaka ishirini na kitu. Mtoto alilia. Mtu akasema kwa Kinyiha jambo lililomchekesha jirani yake. Kanisa lile ambalo katika sauti ya kaseti lilikuwa tupu na safi lilijaa watu, na kwa mbali, nyuma ya vyote, kijiti kiligonga meza mara tatu.

Nilianza kupima kabla sijaanza kusikiliza, maana nilijua nikisikiliza kwanza nitapima vibaya. Kijiti: picha moja na nusu. Makofi ya mwisho: picha moja na nusu. Hakuna kuachana. Kilichobaki ni hewa tu. Kutoka mbele ya kanisa hadi mlangoni ni kama mita ishirini, na sauti hutumia muda huo kusafiri.

Nikaenda dakika ya tano na sekunde hamsini. Mkono ukashuka. Sauti ikaingia picha mbili baadaye. Ukitoa safari ya hewa, inabaki nusu ya picha, sehemu ya hamsini ya sekunde. Hakuna mwimbaji anayeweza kuingia karibu zaidi ya hapo.

Kisha nikasikiliza. Nilisikiliza nyimbo zote mbili hadi makofi, na jenereta yote.

*

Mwalimu Zabron alikuja Jumanne. Nilikuwa nimeandaa faili tatu. La kwanza lilikuwa na sauti ya kaseti kama ilivyokuwa. Katika la pili niliiharakisha sauti ya kaseti kwa robo ya asilimia na kuianzisha mapema kidogo hadi kijiti, mkono na makofi vikakaa pamoja. Lilikuwa safi, na kwa kazi ya kawaida ningelitoa hilo na kumaliza. La tatu lilikuwa sauti ya kamera.

Nilimwonyesha vipimo kwa utaratibu uleule niliovipata. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye vidole viwili vya Osea aliguna. Tulipofika dakika ya tano na sekunde hamsini ya faili la tatu niliipeleka picha moja moja, yeye akahesabu kwa sauti ndogo. Mkono chini. Moja. Mbili. Sauti.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo?" alisema.

"Kwa hiyo hakuchelewa, Mwalimu."

Alikaa akiitazama picha iliyosimama, mgongo wake mwenyewe wa miaka kumi na minane iliyopita. Nje mtu alikuwa anabishana na mbadilisha fedha kuhusu kwacha.

"Alisema hivyo," alisema hatimaye. "Mara moja tu. Hakurudia."

Nikaiacha picha pale iliposimama.

Baadaye nikamweleza juu ya faili la pili. Nilisema sauti yake ni safi, Anastazia anasikika vizuri zaidi, na kosa halipo. Alifikiri.

"Hapana," alisema. "Nimeshawaambia watu naja kuliondoa kosa. Nikiwawekea hili watasema fundi wa Tunduma amefanya kazi nzuri. Watakusifu wewe, na yeye atabaki amechelewa."

Nilipaswa kuliona hilo mwenyewe, na sikuliona. Faili langu bora ndilo lingemmaliza.

"La jenereta linakwaruza kidogo," nilisema.

"Jenereta ile kila mtu anaikumbuka. Enesi mpaka leo anasema ilimtoa masikio. Na katika mkanda hakuna aliyewahi kuisikia." Alinyanyua macho. "Wakiisikia watajua kwamba hii ni siku yenyewe. Niwekee la jenereta."

"Na utawaelezaje?"

"Hiyo si kazi ya kompyuta," alisema.

*

Jumamosi nilishuka Mlowo nikapanda pikipiki hadi Iyula, DVD mbili ndani ya begi, maana sikuwahi kusafiri na nakala moja. Mashamba ya mahindi yalikuwa yameshavunwa, na uani kwa watu kahawa ilikuwa imetandazwa juani kwenye vichanja. Msalaba ulikuwa umesimikwa asubuhi. Watu walikuwa wamehamia uani kwa Mwalimu, TV imewekwa kwenye meza ya chakula chini ya turubai.

Osea alikuwepo. Alikuja na gari la mbolea na jenereta nyuma, maana nyumba haikuwa na umeme, na alikuwa ameshamwambia Mwalimu alilotaka kumwambia. Niliwaona nyuma ya nyumba, Osea ameshika kofia mkononi, Mwalimu amempa chai. Niliposogea Osea alinong'ona, "Safari hii nimeiweka mbali, binti. Mita hamsini. Nimepima kwa hatua."

Wanakwaya wa 1992 waliokuja walikuwa kumi na tisa. Walikaa mstari wa mbele bila kupangwa, na nilivyoelezwa baadaye walikaa kwa sauti zao, ya kwanza upande huu, besi upande ule. Enesi, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa akisimama kushoto kwa Anastazia.

"Mwalimu, tuonyeshe basi," alisema. "Tumekuja kumwona mwenzetu. Hilo lingine limeshasafishwa, au siyo?"

"Halikusafishwa," alisema Mwalimu Zabron.

Alisimama kando ya TV, mikono imenyooka ubavuni. Nilimtegemea aseme mengi. Alisema kwamba mwaka 1992, katika ukumbi wa kanisa, mbele yao, alimwambia mkewe kwamba amechelewa. Alisema mkanda ulikuwa umewekewa sauti ya kaseti, na sauti hiyo ilikuwa nyuma ya picha kwa zaidi ya sekunde moja, na fundi amepima. Akanionyesha kwa mkono. Kisha akasema, "Anastazia aliingia mkono uliposhuka. Nilikuwa na masikio, sikuyatumia. Sasa sikilizeni."

Nikabonyeza.

Jenereta ya 1992 ilitoka spika zote mbili. Besi mmoja alijipiga pajani. "Yenyewe! Ile mashine yenyewe!"

"Ilinitoa masikio!" alisema Enesi. "Si niliwaambia? Mlidhani natania."

"Mzee kaa chini, unaniziba," ilisema TV, na ua mzima ukamgeukia Osea, akainama akicheka. Mtu akauliza mzee mwenyewe alikuwa nani, wakakubaliana ni marehemu baba yake Asajile, hakuna mwingine aliyekuwa na kichwa kile. Wakaonyeshana mashati. Wakahesabu waliokufa, kwa majina, wakinyoosha vidole kwenye punje za maharage: yule, na yule, na yule wa pembeni.

Wimbo wa pili ulipoanza walinyamaza mmoja mmoja. Nilimtazama Mwalimu badala ya TV. Alikuwa amekaa sasa. Kilipofika kimya, mkono wake wa kulia uliinuka kutoka gotini, si juu sana, ukakaa hewani. Kwenye TV mkono mweupe ulishuka. Wa kwake ukashuka nao, na Anastazia akaimba.

Hakuna aliyepiga makofi katikati. Solo ilipoisha na kwaya kuingia, watu watatu au wanne wa mstari wa mbele waliingia pia, sauti zao zimekuwa nzito, wakaimba hadi mwisho.

"Alituambia," alisema Enesi, TV ilipozimwa. Alikuwa anafuta macho kwa kanga bila kujificha. "Njiani siku ile, tunarudi kutoka ukumbini. Alisema, 'Enesi, mimi niliingia.' Nikamwambia, mama, yaache, mkanda umeonyesha." Alimtazama Mwalimu. "Si wewe peke yako."

Enesi aliniomba nirudie mahali pale. Nikarudia mara tatu, idadi ileile ya ukumbini. Kwa nini walikuwa wa pili mwaka ule, sijui. Majaji waliandika kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezitunza, na mkanda hausemi.

Kabla sijaondoka nilimrudishia Mwalimu mkanda wake katika gazeti, mfuko na kitenge. Alifungua vyote, akautoa, akaugeuza ubavu. Nilidhani atafuta ile alama nyekundu kwa kucha, wino ulikuwa umefifia na ungetoka. Lakini mwalimu hafuti alama aliyokwisha kuitoa. Akigundua ameikosea huikata kwa mstari mmoja, huandika iliyo sahihi pembeni, na huweka sahihi yake ili anayekuja baadaye ajue nani alibadilisha na lini.

Alitoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Alikata mkasi kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni ya neno "Solo" aliweka alama ya vema. Chini yake palikuwa padogo, akaandika kwa herufi ndogo, taratibu, akinionyesha ili nione kama inasomeka:

"Kosa la msahihishaji. Z. 14/8/2010."

Nikamwambia inasomeka.